Maji ya Kupigia Picha

Mimi ni fundi cherehani wa Koboko, Uganda, na kazi yangu ni kuwafunika wanawake: magauni ya harusi, sare za kwaya, vitenge vya kwenda kanisani. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitalala chali mezani bila sketi, shangazi yangu kasimama karibu na kichwa changu, na wote wawili tumetoka kubanwa na haja ndogo mpaka machozi yametutoka. Lakini ilitokea, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye mashine, wateja wananitazama.

Nianze na lile neno, maana bila lile neno nisingekwenda kupiga picha yoyote. Baba yangu alikuwa mtu wa Ayivu, nje kidogo ya mji wa Arua, mama akatoka huku Koboko, nyumbani tukaongea Kiswahili ili pasiwe na wa kujiona kwa lugha yake. Wote wawili wametangulia. Aliyebaki ni shangazi, dada yake baba, mkulima wa muhogo na maharage kule Ayivu, mzee wa kanisa, mjane wa askari. Kiswahili chake alikiokota kambini na hajawahi kukirudisha. Kwetu shangazi si mtu wa mchezo. Akikusifu, ukoo mzima umekusifu. Akikulalamikia, malalamiko yake yanakukalia mwilini, na wazee wanasema hata ugonjwa unaweza kuingia kwa mlango huo.

Basi shangazi alinilalamikia. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na mimi nilipewa magauni kumi na mawili ya wanawake wa kuimba. Hedhi ikanikuta siku mbili kabla. Sitaki kuipamba: nililala sakafuni nyuma ya cherehani, magoti kidevuni, nikatapika kwenye beseni la vifungo. Magauni manne yalikwenda kanisani yameshikwa kwa pini. Mwimbaji mmoja alichomwa katikati ya wimbo na sauti aliyoitoa, wengine walidhani ni Roho Mtakatifu. Baada ya chakula shangazi akasimama, mbele ya watu wote, akasema, "Mutoto ya ndugu yangu iko mvivu. Kila mwezi iko mgonjwa. Ugonjwa gani hii inajua kusoma kalenda?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Lakini neno lile lilipanda gari pamoja nami hadi Koboko. Nikichelewesha suruali ya mtu siku moja, naulizwa, je, kalenda imefika? Nilikasirika miaka miwili mizima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi niliona kila mtu anahesabu kunguni wa kitanda changu akiwa amesimama mlangoni.

Aliyenisikiliza kwanza ni muuguzi mmoja wa huku kwetu, mwanamke wa Abuku mwenye maneno machache. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Maumivu yanaanza siku gani? Ukienda haja kubwa wakati wa hedhi, inauma? Mgongo je? Mguu? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka nikaona aibu kwa kukubali sana. Akaniambia kuna ugonjwa unaoitwa endometriosis, ambapo nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, mahali pasipo pake, na kila mwezi inavimba na kuuma. Akaniandikia karatasi niende Arua kupigwa skani ya nyonga. Aliniambia pia kwamba skani haioni kila kitu. Sehemu hiyo niliisikia kwa sikio moja tu. Nilichosikia mimi ni picha. Hatimaye kulikuwa na picha itakayosimama mbele ya watu na kunitetea.

Nilimpigia shangazi simu kumwomba nilale kwake, kwa kuwa Ayivu ni karibu na mji. Akaniuliza ninakuja kufanya nini, nikamweleza habari ya picha. Kisha akasema, "Kuja. Mimi nakwenda na wewe. Hiyo picha itasema nani iko na kweli." Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo. Picha ikionyesha kitu, atalirudisha neno lake. Isipoonyesha, nitakuwa mvivu mwenye cheti.

Watu wa skani walinieleza kwa simu: kunywa maji lita moja saa moja kabla ya kufika, usikojoe, vaa nguo mbili, ya juu na ya chini. Hilo la nguo nililichukua kwa uzito wa kazi yangu. Nilijishonea sketi ya kitenge ya kufunga kwa kamba pembeni, pana, inayoweza kufunguka bila kuvuliwa kupitia miguuni, na ndani nikaweka mfuko wa kitambaa cha kujifutia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini hakuna aliyesema uyavulie nguo mbaya.

Asubuhi ile shangazi alitandika mkeka, akaweka jerikani la lita tano na vikombe viwili vya bati. Viwili. Nikamwambia, "Shangazi, wa kunywa ni mimi peke yangu."

"Mutoto ya ndugu yangu anywe peke yake, mimi natazama? Mimi mchawi?"

Nikachukua kikombe changu, maana kwetu anayekula na kunywa peke yake anajulikana ni mtu wa namna gani. Shangazi hakuniamini hata kidogo, lakini adabu ni adabu. Akajimiminia, akanywa. Nikanywa. Kikombe kwa kikombe, kimyakimya, tukitazamana kwa chuki ya kistaarabu. Lita moja ilipoisha nikaweka kikombe chini. Akakijaza tena. Aliamini kwamba picha inatokana na maji, na maji yakiwa mengi picha itakuwa safi zaidi. "Ongeza," akasema. "Mimi hapana taka wanasema kesho maji ilipunguka." Alitaka ushahidi usiokuwa na shaka. Tuliongeza mpaka jerikani likabaki na maji ya chini tu. Yale yaliyobaki akayatia kwenye chupa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, ya njiani.

Tulipanda boda moja, mimi katikati, shangazi nyuma. Nani aliweka matuta mengi namna ile barabarani? Tuta la kwanza, shangazi akanishika mbavu. La pili, akamtaja Yesu. La tatu, akampiga dereva begani.

"Wewe, polepole! Hapa umebeba maji!"

Dereva akapunguza mwendo, akageuka, akatafuta mtungi kwa macho. "Maji iko wapi, mama?"

"Iko ndani!"

Nilijizuia kucheka kwa sababu kucheka kungenimaliza. Kumbe na shangazi alikuwa anajizuia. Nilihisi tumbo lake linatetemeka mgongoni kwangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili tulikuwa na siri moja.

Getini kwenye jengo la skani wakatokea wanawake watatu wa kanisa lake. Mtu wa Ayivu hasalimii kwa kupita. Umelalaje, watoto wamelalaje, muhogo unaendeleaje, yule aliyevunjika mguu amefikia wapi, na kila swali lina jibu, na kila jibu lina swali lake. Shangazi alisimama amebana magoti, anatabasamu, anajibu yote. Mimi niliegemea ukuta nikasoma bango moja la chanjo mara saba. Mmoja wa wale wanawake akamwambia shangazi anapendeza, uso unang'aa. Ulikuwa unang'aa kwa jasho.

Ndani tulikuta watu sita mbele yetu, karibu wote wajawazito, wametulia na matumbo yao. Tukakaa kwenye benchi. Mfagizi akafungua bomba kujaza ndoo. Sijui kama mmewahi kusikia bomba linavyoimba mkiwa katika hali hiyo. Shangazi alifumba macho, midomo ikawa inacheza.

"Shangazi, wewe nenda chooni. Skani ni yangu."

"Tulianza pamoja."

"Shangazi, nakuomba."

"Nyamaza. Ukiongea inashuka."

Tulipoitwa, tuliingia tumeinama wote wawili. Fundi wa skani alikuwa binti mwenye nywele za kusuka, mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi. Alitutazama, akaona mzee anayetembea kwa hatua za kuku mwenye kidonda, akasema kwa upole, "Mama, panda kitandani."

"Hapana mimi!" shangazi akafoka. "Mimi nasindikiza!"

Nikapanda mimi. Sketi yangu ikafunguka kama nilivyoipanga, na yule binti akauliza nani ameshona, nikajiona mtu kwa sekunde mbili. Akanimwagia jeli tumboni. Ni baridi, jueni hivyo, baridi ya kushtua. Akabonyeza kifaa chake chini ya kitovu, mahali pale pale ambapo asubuhi yote ilikuwa imekusanyika, na akakunja uso.

"Hii kibofu imejaa kupita kiasi. Umekunywa ngapi?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama sakafu.

Binti akaeleza kwamba kibofu kikijaa kwa kiasi kinasukuma utumbo pembeni na kuwa dirisha la kuonea kizazi. Kikijaa kama changu, kinasukuma kila kitu na mgonjwa hawezi kubonyezwa. "Nenda ukojoe kidogo tu, kikombe kimoja, halafu uzuie urudi."

"Hiyo," shangazi akasema, "binadamu hapana weza."

Nilikwenda nikaweza, kwa kuhesabu mpaka tano na kuuma kitenge. Nikarudi, nikalala. Akapitisha kifaa huku na huku, akibonyeza, kwenye kioo kukawa na vivuli vya kijivu vinavyoogelea, na mimi sikuelewa chochote. Shangazi alikodoa macho pale kama anayesubiri mtu atoke nyumbani. Baada ya dakika kumi hivi binti akasema kwa juu haoni tatizo. Sasa, akasema, nendeni wote wawili mkakojoe kabisa, mrudi kwa sehemu ya pili.

Hakumaliza neno mrudi. Shangazi alikuwa mlangoni. Tulikimbia ule ukumbi, fundi cherehani na mzee wa kanisa, mbele ya wajawazito wengine waliokuwa wakingoja, mimi nimeshika sketi kwa mkono mmoja. Vyoo vilikuwa viwili, vimetenganishwa na ukuta wa bati. Nikasikia upande wa pili mlango, kisha kitambo kirefu, kirefu sana, kisha sauti ya shangazi ikisema taratibu, "Asante Mungu. Asante Mungu." Nikaanza kucheka. Akanisikia. Akaanza na yeye. Tulicheka pale, kila mmoja na choo chake, mpaka nikashika ukuta, na kila nikidhani tumemaliza shangazi anaanza tena, "Maji iko wapi, mama?" na tunaanguka upya. Nilimpenda sana dakika ile. Niliogopa pia, maana picha ilikuwa bado haijasema.

Sehemu ya pili ndiyo watu hawakuambii mapema, kwa hiyo nakuambia mimi. Kuna kifaa kingine, chembamba, kirefu, ambacho kinaingizwa ukeni ili kiangalie kizazi kwa karibu. Si lazima. Unaulizwa, na unaweza kukataa, unaweza kusema simama, unaweza hata kukiingiza mwenyewe, na mtu wako anaweza kukaa nawe. Yule binti aliyasema yote haya bila haraka. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwanza nakuuliza. Umeshalala na mwanaume?"

Jamani. Sijaolewa. Nina miaka thelathini na moja. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama hatua moja kutoka sikioni kwangu.

Kulikuwa na muuza vitenge kutoka upande wa Kongo, mtu mzuri, mpole, aliyepita maishani mwangu kwa misimu miwili ya mvua. Shangazi hakumjua. Nilifikiri kudanganya. Lakini nilikuwa nimekuja pale kwa ajili ya kuaminiwa, ningeanzaje na uongo? Nikasema ndiyo. Shangazi akageuka akaanza kusoma kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi.

Kumbe hakuacha kutazama kwa jicho la pembeni. Binti alipokivika kile kifaa kondomu na kukipaka jeli, shangazi akashindwa. "Hata mashine inavaa?"

"Inavaa, mama. Kila mtu na yake mpya. Mashine pia iko na heshima."

"Kushinda watu," shangazi akasema, na akarudi kwenye kalenda.

Kuingia hakukuuma, kulikuwa kwa ajabu tu. Binti akaniomba nipumue, nilegeze miguu, nimwonyeshe panapouma nisijikaze. Upande wa kushoto ukapita salama. Akaelekea kulia, akabonyeza polepole kuona kama vitu vinateleza vizuri, na hapo hapo, bila hedhi, bila kalenda, maumivu yangu yale yale yakafika. Sikupiga kelele. Nilinyoosha mkono hewani nikakuta mkono wa shangazi, nikaushika.

"Hapa?"

"Hapo."

Binti akasimamisha kifaa mara moja. Akaningoja. Akauliza kama aendelee, nikasema endelea, akarudi tena pale kwa upole, na mimi nikabana ule mkono mpaka akamaliza. Akakitoa kifaa, akanipa karatasi za kujifutia, akanifunika. Akaandika kidogo. Akageuka.

"Kizazi ni sawa. Ovari zote mbili ziko sawa, hakuna uvimbe, hakuna mfuko wa damu. Sioni kitu."

Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, si kidogo. Watu wengine wanalia wakiambiwa wana ugonjwa, mimi nililia kwa kuambiwa sina. Nilifunga kamba za ile sketi yangu nzuri nikingoja shangazi aseme nyuma yangu neno moja tu: si nilisema? Binti akaendelea kuongea na sikumsikiliza mpaka aliponigusa goti. Alisema kutoona si kutokuwepo. Madoa madogo ya ugonjwa huu skani haiyaoni, hata mikononi mwa fundi mzuri, inaona yaliyokua makubwa. Alikuwa ameandika kwenye ripoti mahali hasa nilipoumia. Niende nayo kwa daktari wa wanawake, anaweza kunianzishia dawa bila kungoja, au siku moja kuangalia ndani kwa kamera kupitia tundu dogo kitovuni. Akaniambia pia nikiona damu kidogo leo nisishtuke.

Shangazi alitangulia kutoka. Tulipita ukumbini, tukapita getini. Tulipofika kando ya ukuta ambapo hapakuwa na mtu, akanisimamisha.

"Ile mwanaume," akaanza, nikafumba macho. "Mimi hapana sikia. Maji ilikuwa imejaa masikio."

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia. Kwenye kiganja kulikuwa na alama nne za kucha zangu, nyekundu, moja imetoa damu. Sikujua kwamba nilimbana hivyo. Nikaanza kuomba radhi, akanikata.

"Picha hapana ona. Mimi naona. Iko hapa." Akakitazama kile kiganja muda mrefu. "Mimi nilizaa watoto saba. Hapana shika mutu namna hii."

Akafungua ncha ya kitenge, akatoa ile chupa. Nilielewa anachotaka kufanya nikashtuka, maana wazee wa zamani ndio waliopuliza maji, mzee akitaka kuondoa neno lake juu ya mtoto, na shangazi tangu apewe uzee wa kanisa alikuwa ameiacha mila hiyo. Alijaza maji mdomoni. Alitazama kushoto na kulia kama kuna muumini. Kisha akanipulizia, kifuani na tumboni, mvua nzima, blauzi ikalowa.

"Neno ile mimi nilisema kwa harusi," akasema, "mimi natoa. Ikwende na maji."

Nilisimama pale natiririka, nacheka na kulia, na yeye akanywa yaliyobaki kwenye chupa kwa sababu kiu ilikuwa imemshika, hebu fikiria, siku ile.

Dawa nilianzishiwa. Miezi mingine ni nafuu, miezi mingine bado. Mwezi wa pili baada ya skani nililala tena nyuma ya cherehani, na kwenye saa nne asubuhi nikasikia sauti nje. Shangazi alikuwa ametoka Ayivu bila kuniambia. Alikuwa na kalenda yake, anahesabu siku zangu. Alivuta kiti mlangoni pangu, akaketi, na kila mteja aliyekuja akamrudisha. "Fundi iko mgonjwa. Rudi siku ya tatu."

Mmoja, mama wa sare za kwaya, alikuwa mbishi. Ugonjwa gani huo wa kila mwezi? Umeonekana hospitali?

"Walipiga picha," shangazi akamjibu. "Picha hapana ona. Wewe iko na macho kushinda mimi?"

Mama yule akaondoka. Shangazi akaingia ndani na vikombe viwili vya bati, akajaza maji, kimoja akaniwekea sakafuni karibu na mkono, kingine akaanza kunywa.